Kakati Yako Ina Madoa? Ibonyeze Kwanza

Akina mama wengi wa pwani hupenda kuweka kakati sebuleni au barazani. Ni mmea usiosumbua. Hata ukienda msibani ukakaa wiki mbili, unaukuta unakungoja. Lakini siku moja unapopangusa vumbi unaona doa la kahawia, na wengi hapo hukimbilia kopo la maji. Maji hayo ndiyo mara nyingi huumaliza.

Ndugu msomaji, doa la kahawia si ugonjwa mmoja. Kabla ya kufanya lolote, chukua mpini wa kijiko, maana miiba haina huruma kwa vidole, ubonyeze penye doa. Je, ni pagumu na pakavu, au panabonyea kama papai lililoiva mno?

Kama ni pagumu, na ukahawia umeanzia karibu na udongo ukipanda polepole kwa miezi, usihangaike. Huo ni uzee tu. Shina linajifanyia gome kama miti mingine. Inasikitisha kuona kakati nzima kabisa imetupwa jalalani kwa sababu hiyo.

Kama ni pagumu lakini doa liko upande unaotazama jua tu, na lilianza kwa kupauka, basi mmea umeungua. Hutokea unapotolewa sebuleni na kuwekwa siku hiyo hiyo kwenye jua la saa saba. Kovu halitafutika, ila halitaongezeka. Urudishe kivulini, kisha uuzoeshe jua la asubuhi kidogo kidogo kwa wiki mbili. Ile kakati ya Krismasi yenye vipande bapa huungua upesi zaidi, maana asili yake ni misitu yenye unyevu ya Brazili, wala si jangwa.

Lipo pia doa la rangi ya kutu lililotanda kama vumbi karibu na ncha changa. Ukitazama vizuri utaona utando mwembamba sana. Hao ni utitiri, wanaostawi wakati wa kiangazi. Osha mmea kwa maji mepesi ya sabuni ya kipande, suuza, na urudie kila wiki mpaka waishe. Vidung'ata, wale weupe kama pamba, wapanguse kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti.

Sasa tuje kwenye doa linalobonyea. Hili ndilo la hatari, na huku kwetu huja zaidi wakati wa masika. Kakati nyingi asili yake ni sehemu kavu za bara la Amerika, ambako udongo hukauka upesi. Iweke Kerege mwezi Aprili, hewa nzito ya bahari, tena kwenye kopo lisilo na tundu chini, na mizizi itaoza.

Tulimtembelea mama mmoja wa Kerege ambaye kakati yake ilitokana na kipande alichopewa na dada yake, sasa ni marehemu. Shina lilikuwa limelainika toka udongoni hadi karibu nusu, na lilitoa harufu. Majirani walishamwambia alitupe. Sisi tukamshauri akate. Alipangusa kisu kwa spiriti, akakata juu ya doa. Ndani bado palionekana duara la kahawia, akapangusa kisu na kukata tena, hadi nyama ikawa safi tupu. Kikabaki kipande cha urefu wa kiganja. Alikipaka salfa ya unga, ile ile wanayotumia wakulima wa mikorosho dhidi ya ubwiri unga, akakilaza kivulini juu ya gazeti kwa wiki mbili. Bara wiki moja yaweza kutosha. Pwani kidonda hukawia kukauka. Ndipo akakisimamisha kwenye mchanga mkavu bila kukimwagilia hata tone mpaka mizizi itoke. Hapo ndipo penye kazi, maana mkono wa mama haupendi kukaa bure mbele ya kitu kinachougua. Ilimchukua zaidi ya mwezi, lakini mizizi ilitoka.

Udongo wa kakati uwe mchanga mnene sehemu mbili, kokoto ndogo sehemu moja na mboji sehemu moja. Mchanga usiuchote ufukweni, una chumvi. Visima vingi vya pwani navyo vina maji ya chumvi; ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, acha maji hayo ukinge ya mvua. Chungu cha udongo chenye tundu hufaa kuliko ndoo ya plastiki. Chomeka kijiti hadi chini: kikitoka kikavu, mwagilia, kikitoka na unyevu, ondoka.

Neno moja kabla hujashika kisu. Baadhi ya mimea inayouzwa kama kakati si kakati, bali ni jamaa ya mnyaa, ule wa kuzungushia ua. Ukiikata hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo waweza kupofusha. Vaa glavu na uwaondoe watoto karibu. Ukimwingia mtu jichoni, asisugue. Mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.