Saa ya mkononi si kamba ya kupimia uwanja

Katika barabara za mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet, ni nadra siku hizi kukutana na mwanariadha asiyevaa saa inayopima umbali kwa njia ya setilaiti. Saa hizo humwambia mkimbiaji amekwenda kilomita ngapi na kwa kasi gani, na sasa zimewafikia hata wanafunzi wa sekondari, wengine wakizirithi kutoka kwa ndugu zao waliokwisha kukimbia ng'ambo. Sina ugomvi na maendeleo hayo. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kuzichukulia tarakimu za saa kuwa hukumu isiyo na rufani, kiasi cha mwalimu kumteua mwanafunzi mmoja na kumwacha mwingine kwa sababu tu saa imesema hivyo, bila kuuliza ilivaliwa vipi.

Ili tuelewane, yafaa tuanze na jinsi saa hiyo inavyofanya kazi. Mfumo wa GPS ni mali ya serikali ya Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ukatangazwa kuwa kamili mwaka 1995. Hadi Mei 2000, Wamarekani waliyavuruga makusudi mawimbi yaliyotumiwa na raia, hivi kwamba mtu angeweza kuonyeshwa mahali palipo kiasi cha mita 100 kutoka aliposimama. Uvurugaji huo ulipokomeshwa ndipo saa za wakimbiaji zilipopata maana. Kampuni ya Garmin ilitoa saa zake za kwanza za Forerunner mwaka 2003.

Setilaiti hizo huizunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja hutangaza kwa mawimbi ya redio mahali ilipo na wakati kamili. Saa ya mkononi hupokea matangazo ya setilaiti zisizopungua nne, ikapima mawimbi yamechukua muda gani kufika, na kutokana na muda huo ikajua mvaaji yuko wapi. Mawimbi hayo huenda kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kosa la sehemu moja tu ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300.

Hapa ndipo suala la namna ya kuvaa linapoingia. Mawimbi hayo yafikapo ardhini huwa dhaifu mno, na mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huyanyonya. Mkimbiaji mwenyewe basi ni ukuta unaoizuia saa yake isione upande mmoja wa mbingu. Saa ikivaliwa juu ya kifundo cha mkono, uso wake ukitazama nje, huiona sehemu kubwa ya anga, ingawa kifua na kichwa huificha sehemu iliyobaki. Ikigeuzwa upande wa kiganja, hutazama kifua cha mvaaji badala ya mbingu. Ikifumbatwa kiganjani au kutiwa mfukoni, hali huzidi kuwa mbaya. Ikilegea kwenye mkono mwembamba wa mwanafunzi, huzunguka huku na huku, na antena yake haitulii kuelekea upande wowote. Aidha, mkono hauendi sambamba na mwili: hutupwa mbele na kurudishwa nyuma, na saa huharakisha na kupunguza mwendo hali mkimbiaji anakwenda kwa kasi moja.

Si ajabu basi kwamba wataalamu wanaowapima wachezaji wa kandanda na raga hawakifungi chombo chao mkononi. Hukitia katika mfuko mdogo wa fulana, mgongoni kati ya mabega, mahali ambapo hakitikisiki sana na ambapo huiona mbingu vizuri zaidi.

Mandhari yetu nayo yana lake la kusema. Michai hukatwa ikawa mifupi, kimo cha kiuno hivi, kwa hiyo anayekimbia katikati ya shamba yuko chini ya anga tupu. Lakini akiingia katika misitu ya mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya kuni za viwanda vya majani chai, au akishuka bondeni penye miti mirefu, matawi na majani yaliyolowa mvua hupunguza nguvu ya mawimbi. Saa iliyovaliwa vibaya, ambayo tayari ilikuwa imepoteza sehemu ya mbingu, ndiyo itakayoyumba kwanza.

Wapo watakaosema kwamba saa za karibuni zimeponya maradhi haya. Ni kweli kwamba nyingi hupokea pia setilaiti za Urusi, Ulaya na Uchina, na baadhi hutumia masafa mawili ya mawimbi ili kupunguza udanganyifu wa yale yaliyogonga kuta na miamba kabla ya kufika. Makosa yamepungua, lakini hayajaisha.

Hata tukipata saa isiyokosea kabisa, bado mahali pa kuivaa pangebadilisha jibu. Wanafunzi wa hisabati na waifanye hesabu hii. Uwanjani tunakimbia tukiuweka mkono wa kushoto upande wa ndani. Chukulia kwamba kifundo cha mkono huo kiko sentimita 25 ndani ya mstari wa katikati ya mwili. Katika kila mzunguko kitapita njia iliyo fupi kwa mita 0.25 mara mbili ya pai, yaani karibu mita 1.57. Katika mbio za mita 10,000, ambazo ni mizunguko 25, upungufu huo unafika mita 39. Saa ya mkono wa kulia ingezidisha kiasi hicho hicho. Wanafunzi wawili wakikimbia bega kwa bega, mmoja amevaa kushoto na mwenzake kulia, saa zao zitatoa kasi mbili tofauti. Kwa anayekimbia kilomita moja kwa dakika 3, mita 39 ni sekunde 7.

Asidhani mtu kwamba sekunde 7 ni kitu kidogo. Mwaka 1997, Joyce Chepchumba, mzaliwa wa Kericho, alishinda London Marathon kwa muda wa saa 2, dakika 26 na sekunde 51. Liz McColgan wa Uskoti alimfuata kwa sekunde 1. Mtoto wa mchuma majani chai anayetumainia miguu yake impatie nafasi ya masomo ng'ambo hapaswi kuachwa nyumbani kwa sababu mwenzake aliivaa saa mkono wa pili.

Ikumbukwe kwamba wasimamizi wa mbio rasmi hawazitegemei saa hizi. Njia ya marathoni hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu, nayo baiskeli hujaribiwa kwanza juu ya umbali uliopimwa kwa tepu ya chuma. Isitoshe, huongezwa mita 1 kwa kila mita 1,000 ili njia isije ikapungua. Ndiyo maana mkimbiaji anayeona saa yake ikisoma zaidi ya kilomita 42.195 hana haki ya kuwalaumu waandaaji.

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu ni huu. Mwanafunzi aikaze saa ili isizunguke, uso wake ukitazama nje, wala asiifunike kwa mkono wa sweta. Asimame mahali peupe aisubiri ipate setilaiti kabla ya kuondoka, kwani haraka haraka haina baraka. Aivae mkono ule ule kila siku, ili angalau ajilinganishe na nafsi yake. Ama tunapowalinganisha wanafunzi wawili, turudi kwenye mstari wa chokaa na saa ya kuhesabu sekunde. Kila shule na ipime kilomita yake moja kwa tepu na kuiwekea vigingi. Kisha walimu wa fizikia na hisabati wawape wanafunzi saa mbili, wazivae kushoto na kulia, mgongoni na mfukoni, waandike tofauti na kuzieleza. Hilo litakuwa somo ambalo hawatalisahau.

Marehemu Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, aliiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba katika mita 800, mjini Tokyo mwaka 1964. Hiyo ilikuwa miaka 14 kabla ya setilaiti ya kwanza ya GPS kurushwa. Sisemi turudi enzi zile. Nasema tu kwamba chombo tusichoelewa jinsi kinavyopima hakifai kupewa mamlaka ya kuamua hatima ya watoto wetu.