"Mtandao Haufanyi Kazi": Hitilafu za Kuifikia Seva ya Faili katika Mtandao wa Ndani na Lugha ya Kuziripoti

Ikisiri
Makala haya yanaeleza namna ya kubaini kwa nini seva ya faili haifikiki katika mtandao wa ndani wa taasisi. Hoja yake kuu ni kwamba ubainishaji hukwama mapema kwa sababu ya lugha: hitilafu za aina nne huripotiwa kwa kauli moja. Makala yanapendekeza kauli nne mahususi za Kiswahili na kugusia athari zake kisera.

1. Utangulizi
Idara ya lugha inaweza kuhifadhi rekodi za sauti na matini za utafiti katika seva moja, watafiti wakizichukua kwa itifaki ya kuhamisha faili, yaani FTP. Itifaki hiyo ilipendekezwa na Abhay Bhushan mwaka 1971, na kanuni zake za msingi ni zile zilizochapishwa mwaka 1985. Faida yake ni kwamba faili husafiri ndani ya jengo bila kutegemea intaneti. Seva isipofunguka, fundi huambiwa kuwa "mtandao haufanyi kazi." Kauli hiyo haimwonyeshi pa kuanzia.

2. Ngazi nne za hitilafu
Kwanza ichunguzwe programu inayotumika. Tangu mwaka 2021, Chrome na Firefox hazifungui tena anwani za FTP. Seva nzima inaweza kudhaniwa mbovu. Baada ya hapo zipimwe ngazi nne kwa utaratibu.

Ngazi ya kwanza ni njia. Kompyuta yenye anwani inayoanza na 169.254 kwa kawaida imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa kupewa na ruta. Kosa litafutwe kwenye waya, Wi-Fi au ruta. Njia ikiwa salama, ihakikiwe anwani ya seva. Ruta inayogawa anwani kwa muda huweza kuipa seva anwani mpya umeme unapokatika na kurudi. Dawa yake ni kuipa seva anwani ya kudumu.

Ngazi ya pili ni mlango. Kwa kawaida seva ya FTP hupokea maombi katika mlango namba 21. Ombi likikataliwa papo hapo, aghalabu mashine iko hai lakini programu ya seva haijawashwa, au inatumia mlango mwingine. Muda ukiisha bila jibu lolote, ishukiwe mashine iliyozimwa, anwani isiyo sahihi, au programu ya ulinzi inayozuia maombi kimyakimya.

Ngazi ya tatu ni idhini. Namba 530 humaanisha kuwa mtumiaji hajaingia. Jina na nywila vihakikiwe. Namba 550 ni jambo jingine: faili haipatikani au mtumiaji hana ruhusa nayo. Kubadilisha nywila hakutaliondoa.

Ngazi ya nne ni mkondo wa data, nayo ndiyo inayotatiza zaidi. FTP hutumia miunganisho miwili: mmoja wa amri, mwingine wa data. Mtumiaji huingia bila shida, kisha orodha ya faili haitokei, pengine kwa namba 425. Katika hali amilifu, seva ndiyo inayofungua muunganisho wa pili kuelekea kompyuta ya mtumiaji, na programu ya ulinzi ya kompyuta hiyo huweza kuuzuia. Katika hali tulivu, kompyuta huufungua kuelekea mlango unaotajwa na seva. Kwa hiyo msimamizi hana budi kutenga milango maalumu na kuiruhusu.

3. Namba na kauli
Kanuni za mwaka 1985 zilitenganisha namba, iliyokusudiwa mashine, na maneno, yaliyokusudiwa binadamu. Maneno hutofautiana kati ya seva na seva. Maana ya namba haibadiliki. Katika ukanda wetu jambo hili lina uzito: mtafiti wa Bujumbura huenda akasoma ujumbe kwa Kifaransa, na fundi wa Kampala kwa Kiingereza, lakini 530 ni ile ile kwa wote wawili. Kiswahili kinaweza kuwaunganisha kwa kauli nne zinazofuata ngazi zilizotajwa: "seva haionekani", "seva haipokei", "seva hainiruhusu", na "naingia lakini sipati faili". Ripoti itaje kauli, namba iliyotokea, na iwapo mtumiaji wa kompyuta ya jirani anaifikia seva hiyo.

4. Athari za kisera
Ripoti butu huzaa tiba butu: programu ya ulinzi huzimwa yote, au kila mtu hupewa ruhusa zote. Isitoshe, FTP ya asili husafirisha nywila na faili bila kuzisimba, hivyo anayenasa mawasiliano ya mtandao huo anaweza kuzisoma. Sauti za watoataarifa walioahidiwa usiri hazistahili kuachwa hivyo. Taasisi zihamie SFTP, ambayo husimba mawasiliano na kutumia muunganisho mmoja, kwa kawaida kupitia mlango 22; hatua hiyo huondoa pia tatizo la ngazi ya nne.

5. Hitimisho
Sera za lugha katika teknolojia hazipaswi kuishia kwenye kutafsiri menyu. Ukurasa mmoja wa mwongozo wa Kiswahili, uliobandikwa karibu na kompyuta za idara, ungemwezesha mtafiti kueleza hitilafu kwa usahihi, na fundi kuanzia mahali panapostahili.