Gile ya kwanza kisha miaka 50: namna ya kuchagua ile itakubeba kweli ku maji

Mama yangu mdogo amepita miaka 58. Tangu usichana wake anapandaka bato kutoka Idjwi kuja Goma na mananasi yake. Hajui kuogelea, na miaka hii yote hakuwahi kuwa na gile yake mwenyewe. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, bato Merdi yenye ilitoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiiona kutoka inchi kavu. Kisha siku chache akaniita: "Mtoto wangu, unisindikize nikatafute gile."

Tulienda soko, tukarudi na gile mupya, rangi ya machungwa, inang'aa. Jioni niliitia ndani ya beseni ya maji na jiwe juu yake, tu kwa kujaribu. Asubuhi ilikuwa imekunywa maji, nzito kama blanketi yenye imenyeshewa. Tulipoipasua, ndani mulikuwa vipande vya matela. Kama angeanguka nayo ziwani, ingemuvuta chini badala ya kumuinua.

Hiyo njo sababu ya makala hii. Wengi kati yetu tunaanza kununua gile tukiwa tayari watu wazima, na hakuna mtu alitufundisha namna ya kuichagua.

Gile inafanya kazi gani?

Ndani ya maji, mwili wa mtu unakuwa mwepesi sana. Mtu mzima anahitaji nguvu kidogo tu ya kumuinua, kama kilo 3 mpaka 5, ili kichwa kibaki juu. Lakini kubaki juu haitoshi. Mtu mwenye amechoka, amepigwa na mbao ao amezimia, uso wake unaweza kulala mu maji. Gile nzuri inakugeuza mugongo chini, uso juu, na inashika shingo yako ili mawimbi yasiingie mu kinywa.

Nguvu ya gile inaandikwa ku etiketi kwa herufi N. Fanya hesabu hivi: 10 N ni kama nguvu ya kuinua kilo moja.

- 50 N: ni ya watu wenye wanajua kuogelea na wenye wako karibu na pwani. Haiwezi kukugeuza ukizimia. Kama haujui kuogelea, acha hiyo.
- 100 N: ni ya maji yenye kutulia. Kwa musafiri mwenye hajui kuogelea, usishuke chini ya hapa.
- 150 N: inageuza watu wengi hata kama kuko mawimbi. Kwa safari ndefu katikati ya Kivu ao Tanganyika, hii ni bora kama uwezo uko.

Kama gile haina etiketi hata moja, haionyeshi N wala kilo za mtu wa kuivaa, usiamini rangi yake. Na hata kama etiketi iko, jaribu, juu etiketi pia inaweza kushonwa na mtu yeyote.

Mwili wa mtu mzima si mwili wa kijana

Kijana anaweza kuvaa gile ya kupitisha ku kichwa na kuifunga kwa haraka. Mtu mwenye mabega yanauma hawezi. Kwa hiyo, kama umri umeenda, tafuta ile yenye inafunguka mbele, kama koti. Angalia vifungo: vifungo vikubwa vya plastiki vyenye vinalia "tak" ni rahisi kwa vidole vyenye vimekauka, kamba za kufunga na fundo zinachukua muda. Kipimo changu ni hiki: kama hauwezi kuivaa na kuifunga wewe peke yako mbele mtu amalize kuhesabu mpaka 60, hiyo si yako.

Kisha angalia kilo. Etiketi inasema gile ni ya mtu wa kilo ngapi. Usichukue ya mtoto juu ni ya bei ya chini, na usichukue kubwa sana ukisema itafaa watu wote wa nyumba. Kwa wamama wenye kifua kikubwa, mikanda ya pembeni lazima ifunguke na kukazwa, ili gile isikae mbali na mwili.

Sasa jaribu palepale soko. Vaa, kaza mikanda yote, inua mikono juu. Mwambie mwenye kukusindikiza ashike gile ku mabega na kuivuta juu kwa nguvu. Kama inapanda mpaka ku masikio ao inafunika kinywa, ni kubwa ao haijakazwa. Mu maji itafanya vilevile: itapanda, na wewe utateremuka ndani yake.

Namna ya kugundua gile ya uongo

Finya kwa kidole. Ile kintu ya ndani inapaswa kuwa nguvu kidogo na kurudi mara moja. Kama inalegea kama matela, ni mbaya. Kama imekuwa ngumu na inavunjika kama biskuti, imezeeka. Angalia mishono, hasa pale mikanda imeshonwa. Ivute bila huruma. Angalia kama kuko filimbi, na vipande vyenye vinangaa taa ikivipiga usiku.

Kisha fanya jaribio la beseni: ipime uzito, iweke chini ya maji na jiwe usiku mzima, asubuhi iache maji yatiririke, uipime tena. Kitambaa kitalowana kidogo, hiyo si kitu. Lakini kama ndani imekunywa maji, irudishe kwa muuzaji. Mupatane naye mbele ya kulipa kama atakubali uirudishe. Mwenye kukataa, hiyo tayari ni jibu.

Kununua ni nusu ya kazi

Gile ya kwanza inapaswa kuguswa na maji siku yenye hakuna hatari. Mama yangu mdogo aliogopa sana, lakini tulienda wawili na kijana mwenye anajua kuogelea. Tulichagua pahali watu wanaogaka kila siku, jua likiwa limepanda. Pwani ya Kivu inashuka gafula pahali pengi. Hatua mbili na hauna tena chini. Tena kandokando ya ziwa kuko pahali pa mazuku, ile gesi yenye inalala chini wakati hakuna upepo. Waulize wenyeji.

Simama maji yakifika ku kifua. Lala kwa mugongo, kunja magoti, acha gile ikubebe. Kinywa lazima kibaki juu bila wewe kupiga mikono. Mara ya kwanza alipiga kelele. Mara ya tatu alinyamaza, akaangalia mbingu, akaanza kucheka.

Ndani ya bato

Mwaka 2019, kisha ajali kubwa ya mwezi wa ine kwenye Kivu, Prezida Félix Tshisekedi alisema gile iwe lazima kwa abiria. Lakini gile yenye iko mu kifuko, ao yenye umekalia kama kiti, haitakusaidia. Bato ikipinduka, hakuna muda wa kutafuta mikanda. Ivae mbele ya kuondoka, juu ya nguo zote, uivue ukishafika inchi kavu. Merdi ilizama wakati watu walikuwa tayari wanaona bandari.

Usikae ndani kabisa ya kabini. Bato ikipinduka, gile itakusukuma ku dari na kutoka itakuwa shida. Kaa karibu na mulango ao inje.

Mama mwenye kubeba mtoto, usimufunge ku mugongo na kitenge. Mukianguka, wewe utalala mugongo, na mtoto atakuwa chini yako, mu maji. Mtoto anavaa gile ya kilo zake, yenye mukanda unapita katikati ya miguu, na unamushika mbele.

Nyumbani, ikaushe ku kivuli, iweke mbali na moto na mafuta, usiifanye muto.

Gile haibadilishi bato yenye imejaa kupita kiasi kuwa bato nzuri. Ukiona imejaa, ngoja ingine. Mama yangu mdogo wiki ile ingine alingoja, mananasi yake yakachelewa soko. Alifika jioni, gile bado ku mwili, akaniuliza kama ninaweza kumutafutia ya mujukuu wake, wa kilo 22.