Toleo dogo lisiguse kilo za mkulima

Baadhi ya chai inayopigwa mnada hapa Mombasa huanzia kwenye mizani ya kielektroniki, vituoni Kericho na Bomet. Mizani hiyo huendeshwa na programu, na programu husasishwa. Kwa desturi ya mafundi, toleo 2.4.1 likiwa 3.0.0, tabia imebadilika, likiwa 2.4.2, kasoro tu imerekebishwa.

Mwaka 2008 lugha ya kompyuta ya Python ilipofika 3.0, 2.5 iliyokuwa ikipandishwa hadi 3 ikaanza kushushwa hadi 2. Badiliko hilo liliwekwa kwenye toleo kubwa. Tuseme limepenyezwa kwenye toleo dogo, na mashine kongwe zimebaki nyuma: wakulima wawili wenye mzigo sawa wataandikiwa kilo tofauti. Naona badiliko kama hilo lijaribiwe kwanza kwenye mashine kongwe, na mkulima aambiwe mapema.