Kabla ya Kupanda Treni Kwenda Kupandikiza

Mgeni akifika Kwihara, karibu na Tabora, huonyeshwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, akisubiri miezi mitano wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Wenyeji nao wana kusubiri kwao: kusubiri mtoto. Ndoa ina miaka minne, mama mkwe ameanza kuuliza, mawifi wameshaacha kuuliza, sasa wanasema. Mwishowe ng'ombe wanauzwa, mke anapanda treni kwenda Dar es Salaam "kupandikiza" mimba. Mume hajapimwa.

Mimi huanzia kwake. Wenzi wakikutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 pasipo mimba, uchunguzi uanze. Mke akitimiza miaka 35, tusingoje zaidi ya miezi 6. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 hupitia hali hii ya kukosa mimba maishani, na upande wa mwanamume unahusika katika karibu nusu ya kesi. Lakini jina la utasa anabandikwa mke tu.

Kipimo cha mbegu ni rahisi. Mume hujizuia siku 2 hadi 7, kisha hutoa shahawa kwenye kikopo safi cha maabara. Asitumie kondomu ya kawaida, kwani mafuta yake huweza kuua mbegu. Akitolea nyumbani Kwihara, kikopo kifike maabara Tabora mjini ndani ya saa moja, kikiwa mfukoni ndani ya shati, karibu na mwili. Kisiwekwe kwenye barafu, wala kisining'inie kwenye bodaboda juani. Mbegu zilizopoa huonekana goigoi, na mtu akaandikiwa ugonjwa asionao.

Mke naye, pamoja na vipimo vingine, hupigwa picha ya mirija: dawa inapitishwa kwenye mlango wa kizazi, eksirei inaonyesha inapokwama. Katika nchi zetu mirija huziba sana kwa maambukizi ya zamani, kama klamidia na kisonono, au yale yanayofuata uzazi na mimba kuharibika. Dawa za "kuzibua mirija" zinazotangazwa kwa spika sokoni hazizibui chochote. Kovu haliyeyuki kwa mizizi.

Majibu hayo ndiyo yanayochagua tiba. Mayai yasipopevuka, vidonge vya letrozoli au klomifeni kwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko huenda vikatosha, wala havihitaji safari ya Dar. Mirija ikiwa wazi na mbegu zimepungua kidogo tu, zinaoshwa maabara, zile zenye mbio zinaingizwa kwa mpira mwembamba hadi ndani ya mji wa mimba karibu na saa ya yai kutoka. Mirija yote miwili ikiziba, njia hii ni kutupa fedha: yai na mbegu vitakutania wapi?

Hapo ndipo upandikizaji unapostahili. Mama yake Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hii, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1978, alikuwa na mirija iliyoziba. Mke huchomwa sindano za homoni siku 8 hadi 14, mayai yanavunwa kwa sindano ndefu inayoongozwa na ultrasaundi, yanachanganywa na mbegu kwenye kisahani, na kiinitete kinarudishwa tumboni siku ya 3 au ya 5. Mbegu zikiwa chache mno, mtaalamu huchoma mbegu moja ndani ya yai moja, ufundi uliotoka Brussels mwaka 1992. Mrija uliojaa maji uondolewe au ufungwe kwanza. Maji yale yakivuja kwenye mji wa mimba hupunguza sana nafasi ya mimba kushika.

Takwimu za Uingereza zinaonyesha kuwa kwa mwanamke wa chini ya miaka 35, kiinitete kimoja kikiwekwa huleta mtoto takriban mara 1 katika 3. Akiwa na miaka 43, haifiki mara 1 katika 10. Kwa hiyo miaka inayoishia kwa waganga ni sehemu ya gharama.

Safari nayo ni gharama. Wakati wa sindano, mayai hutazamwa kila baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo mtu wa Kwihara ahesabu wiki tatu za malazi karibu na kliniki. Na kama sindano zimenunuliwa mapema, aulize zitakaa wapi njiani: nyingi zinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na behewa la treni halina friji.