Kolesteroli Inapokataa Kushuka

Yamkini nyumbani mwako yumo mama mwenye kisukari cha ukubwani, kile ambacho madaktari hukiita cha aina ya pili. Amekwisha punguza mafuta katika mboga, nyama ya mafuta haiingii tena jikoni mwake, na vidonge anavimeza bila kukosa. Hata hivyo, kila damu yake ipimwapo, kolesteroli ingali juu. Hapo ndipo lawama huanza. Watoto humshuku kuwa anakula kwa siri, naye huapa hata machozi yakamtoka. Kabla hamjamhukumu, ulizeni habari za tezi yake ya shingo.

Tezi hiyo, yenye umbo la kipepeo, hukaa chini ya kikoromeo. Homoni yake ndiyo iuchangamshayo mwili mzima, ini likiwamo. Ini huichota kolesteroli kutoka katika damu, lakini tezi ikilegea ini nalo hulegea katika kazi hiyo, na kolesteroli hubaki ikizunguka mishipani. Kwa mgonjwa wa kisukari, ambaye moyo na ubongo wake vimo hatarini tayari, huo ni mzigo juu ya mzigo.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimtibu mwanamke ambaye tezi yake haikufanya kazi, kwa kumdunga maji ya tezi ya kondoo. Bibi huyo akaishi miaka 28 zaidi. Baadaye, vipimo vya homoni vilipokuwa havijapatikana, madaktari walipima kolesteroli ili kukisia hali ya tezi! Siku hizi hupimwa homoni iitwayo TSH, itokayo chini ya ubongo. Tezi inapozembea, aghalabu TSH hupanda, mfano wa nyapara amkemeaye mvivu.

Taabu ni kwamba dalili zake hujificha. Uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu, ngozi kavu: yote husingiziwa sukari au uzee. Wala usingoje kuona rovu, maana tezi yaweza kulegea bila kuvimba. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume.

Si kila kolesteroli iliyopanda hutokana na tezi. Mara nyingi chanzo ni kisukari chenyewe, chakula au urithi. Lakini ni heri kipimo kitangulie kabla ya kuongeza vidonge vya kolesteroli, kwani kwa mwenye tezi iliyolegea vidonge hivyo huleta maumivu ya misuli kwa wepesi zaidi.

Ikithibitika, daktari huandika levothairoksini. Humezwa asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa na vidonge vya kuongeza damu huizuia isiingie vyema mwilini. Siku hizo sukari ipimwe mara kwa mara, kwa maana mwili ukichangamka huenda ukahitaji dawa zaidi ya kisukari. Kolesteroli nayo ipimwe tena baada ya miezi miwili au mitatu.