Mazimbu na Udugu wa Lugha za Kibantu

Isimu linganishi ni tawi la taaluma ya lugha linalochunguza lugha mbili au zaidi ili kubaini kama zina asili moja, na kanuni yake ya kwanza ni kwamba kufanana kwa maneno peke yake si ushahidi wa udugu. Kiswahili na Kisomali, kwa mfano, zina neno linalokaribiana sana la kutajia kitabu kwa sababu kila moja imelikopa kutoka Kiarabu, ingawa Kisomali ni cha ukoo wa Kiafroasia pamoja na Kiarabu chenyewe, ilhali Kiswahili ni cha Kibantu.

Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, ni mahali panapofaa kuitazama kanuni hiyo. Baada ya wanafunzi wa Soweto kuandamana tarehe 16 Juni 1976 wakipinga kufundishwa kwa Kiafrikana, vijana wengi waliikimbia Afrika Kusini, na mwaka 1977 serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ukombozi cha ANC ardhi iliyokuwa shamba la mkonge, ambako ilijengwa shule yenye jina la Solomon Mahlangu, mpigania uhuru aliyenyongwa tarehe 6 Aprili 1979. Hivyo Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kitswana zilifika jirani na Kiluguru, lugha ya wenyeji wa Morogoro, na Kiswahili, nazo zote ni lugha za Kibantu.

Udugu huo huthibitishwa na ulinganifu wa sauti, yaani sauti ya lugha moja kulingana na sauti fulani ya lugha nyingine kwa utaratibu unaojirudia. Pale Kiswahili kinaposema *watu wawili* na *watu watatu*, Kizulu husema *abantu ababili* na *abantu abathathu*: *w* inakabiliana na *b*, na *t* ya *tatu* inakabiliana na *th*, ambayo ni *t* inayotamkwa kwa mpumuo, kama inavyotokea tena katika *tuma* na *thuma*. Vilevile *pika* ni *pheka*, na *pa* ni *pha*. Zaidi ya sauti, lugha zote mbili hurudia kiambishi cha ngeli ya nomino kwenye kivumishi, jambo liitwalo upatanisho wa kisarufi, ambalo ni vigumu kulieleza kwa ukopaji. Maneno *sita*, *saba* na *tisa* hayaingii katika utaratibu huu, kwa kuwa Kiswahili kiliyapata kutoka Kiarabu. Kizulu huita sita *isithupha*, neno ambalo pia ni jina la kidole gumba.

Mwaka 1992 ANC iliirudisha Mazimbu kwa Tanzania, na leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwa kuwa Kiswahili ndicho kinachotawala shuleni na sokoni, wanafunzi wa lugha mkoani Morogoro hawana budi kuyakusanya maneno ya Kiluguru kwa wazee wa Uluguru na kuyapanga kando ya yale ya Kiswahili na Kizulu, maana historia ya Wabantu haiwezi kuandikwa kikamilifu bila ushahidi huo.